Phineas Gage: Mtaimbo uliofunua jinsi ubongo unavyochagua

Tupande mahindi au mtama? Tuuze leo au tusubiri bei ipande? Sehemu ya ubongo inayotusaidia kupima mambo kama hayo iko nyuma ya paji la uso. Ajali ya Mmarekani Phineas Gage ilisaidia wanasayansi kuitambua.

Gage alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli katika jimbo la Vermont. Tarehe 13 Septemba 1848, akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba, ikalipuka. Mtaimbo wa kilo 6, wenye urefu wa zaidi ya mita 1, ulimpenya chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa, na siku hiyohiyo alizungumza na kutembea.

Mwili ulipona, lakini daktari wake, John Harlow, alieleza kwamba tabia ilibadilika. Gage alibuni mipango mingi, na kabla hajatekeleza mmoja alikuwa ameshauacha na kushika mwingine. Waajiri wake hawakumrudishia cheo chake.

Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi kwa miaka kadhaa. Baadhi ya watafiti wanaona kwamba kazi yenye ratiba ileile kila siku ilimsaidia kujipanga upya. Alifariki California mwaka 1860, baada ya kupatwa na kifafa.

Kwa hiyo, tukimwona ndugu aliyeumia kichwa akishindwa kuamua, tusikimbilie kumwita mzembe. Tumpeleke hospitali, na nyumbani tumsaidie kuwa na utaratibu.