Imamu Abu Hanifa: Muuza hariri aliyekataa ukadhi

Tunapolitaja jina la Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu), fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye fiqhi na madhehebu yake. Ijumaa hii tungependa kumtazama akiwa dukani, kwani huko ndiko alikoanzia.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa mjini Kufa, Iraq, mwaka 80 Hijria (699 Miladia), katika ukoo wenye asili ya Uajemi. Akiwa angali kijana mdogo aliingia katika biashara ya vitambaa vya hariri. Wapokezi wanasimulia kwamba siku moja, akielekea sokoni, alikutana na mwanachuoni ash-Sha'bi, ambaye alimuuliza anasoma kwa nani. Kijana akakiri kuwa hushinda zaidi sokoni kuliko kwa wanavyuoni. Ash-Sha'bi, alipouona werevu wake, akamhimiza atafute elimu.

Nasaha ile ilimwingia, lakini duka hakulifunga. Wazazi wengi leo humlazimisha kijana achague: ama masomo, ama biashara. Yeye aliyashika yote mawili. Alikaa kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman kwa takriban miaka 18, hadi Sheikh huyo alipofariki mwaka 120 Hijria, huku biashara ikiendelea kwa msaada wa mshirika wake, Hafs bin Abdur-Rahman.

Uaminifu wake ulikuwa mkali. Safari moja alimpa Hafs mzigo wa vitambaa, akamwagiza ambainishie mnunuzi kasoro iliyokuwamo. Hafs akasahau, akauza, wala mnunuzi hakujulikana tena. Imamu aliposikia, alitoa sadaka fedha zote za mauzo yale. Tuzingatie kwamba alitoa zote, si faida peke yake. Na mwanamke mmoja alipomletea nguo ya hariri akitaka dirhamu 100, Imamu alimwambia thamani yake ni zaidi ya hapo. Mama yule akawa anapandisha bei hadi 400, akadhani anafanyiwa mzaha. Mwishowe nguo ilinunuliwa kwa 500. Ni mnunuzi gani wa Kariakoo angefanya hivyo?

Faida ya duka ilikwenda kwa wanavyuoni na wanafunzi, wakanunuliwa chakula na mavazi. Miongoni mwao alikuwamo Abu Yusuf, kijana wa familia fukara ambayo ilitaka aache darasa akatafute riziki. Imamu akawa anampa fedha za matumizi, na kila zilipokwisha akampa nyingine kabla hajaomba.

Riziki hiyo ya halali ndiyo iliyompa ujasiri mbele ya watawala. Ibn Hubayra, gavana wa Bani Umayya nchini Iraq, alimtaka ashike wadhifa, akakataa, akachapwa mijeledi. Baadaye Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas alimwita Baghdad awe kadhi, akakataa tena. Mtu asiyengojea mshahara wa mtawala ni vigumu kumnunua. Alitiwa gerezani, na wapokezi wengi wanaeleza kuwa alifariki akiwa humo, mwaka 150 Hijria (767 Miladia).

Miaka kadhaa baadaye, zama za Khalifa Harun ar-Rashid, aliyekalia kiti cha Kadhi Mkuu alikuwa Abu Yusuf, yule kijana aliyesomeshwa kwa fedha za duka la hariri.