Gary Gygax: Fundi viatu aliyebuni Dungeons & Dragons, kisha akawekwa kando

Mwaka 1970 Gary Gygax alipoteza kazi ya bima mjini Chicago, Marekani. Akiwa na familia ya kulisha, ikabidi atengeneze viatu nyumbani kwake Lake Geneva, Wisconsin.

Akishirikiana na Dave Arneson, akabuni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza mhusika wake na dadu inaamua yatakayompata. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, nakala 1,000 tu kwa kuanzia.

Balaa lilianza 1977. Vitabu vya Advanced Dungeons & Dragons vikaanza kutoka kwa jina la Gygax peke yake. Kampuni yake, TSR, ikashikilia kwamba huo ni mchezo mwingine, kwa hiyo Arneson hana chake. Arneson akaenda mahakamani 1979, na wakamalizana 1981.

Zamu ya Gygax nayo ikafika. Mwaka 1985 alinyang'anywa usukani wa TSR, na mwaka uliofuata akaondoka. Toleo la pili likatoka 1989 bila yeye.

Alifariki Machi 4, 2008 akiwa na miaka 69, miezi michache kabla ya toleo la nne kuwagawa mashabiki vibaya. Mpaka leo wapo wasiotaka kusikia toleo lolote asilolishika yeye. Wengine wanawajibu kwamba hata hayo ya mwanzo hakuyabuni peke yake.