Robert Wangila: Bondia wa Eastlands Aliyeitwaa Dhahabu ya Dunia

Msafiri aliyepanda gari la moshi la usiku Mombasa katika miaka ile, asubuhi yake, kabla ya kuingia stesheni ya Nairobi, alipita ubavuni mwa mitaa ya Eastlands. Makadara ilitangulia, kisha Makongeni, kisha Muthurwa, zile nyumba za safu safu ambazo shirika la reli liliwajengea wafanyakazi wake. Mbele kidogo ipo Pumwani na Majengo yake, na mtu wa pwani akitembea huko hajioni mgeni sana, kwa sababu tangu zamani walikaa pale Waislamu wengi waliozungumza Kiswahili kama chetu, na hata jina la mtaa ni lile lile tunalolijua Mombasa.

Katika mitaa hiyo kijana alikuwa na njia mbili za kujipatia jina: mpira wa miguu au ndondi. Halmashauri ya jiji ilikuwa na majumba yake ya starehe huko Pumwani, Kaloleni na Jericho, na jioni vijana walikusanyika humo kupiga mifuko ya mchanga na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Muthurwa nako kulikuwa na klabu iliyoitwa Dallas. Vifaa vilikuwa haba, na glavu jozi moja ziliazimwa mikononi mwa watu wengi. Lakini humo walitoka mabondia waliotia hofu Afrika nzima.

Robert Napunga Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967, na alitoka katika ndondi hizo za Eastlands. Uzani wake ulikuwa wa welta, yaani kilo 67. Wakenya wengi walianza kumtia maanani mwaka 1987, Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika Nzima na uwanja mpya wa Kasarani ukafunguliwa macho ya watu. Mwaka huo watu walikuwa na mengine ya kuzungumza. Harambee Stars walifika fainali wakafungwa na Misri bao moja kwa bila, na Gor Mahia wakalitwaa kombe la washindi barani. Katika kelele hizo zote kijana wa miaka kumi na tisa alijipatia dhahabu ya Afrika kwa ngumi zake, na waliomwona wakajua kwamba huyu hakuwa bondia wa kuhesabu pointi. Alipiga ili mwenziwe aanguke.

Mwaka 1988 ulifuata. Ulianza, kwa wapenzi wa michezo duniani, kule Calgary, Kanada, kwenye michezo ya baridi, ambako watu huteremka mlima wa theluji juu ya mbao ndefu na kuruka hewani kama ndege. Mfini mmoja, Matti Nykänen, alizitwaa dhahabu tatu za kuruka. Lakini aliyejulikana zaidi ya bingwa alikuwa Mwingereza Eddie Edwards, aliyekuwa wa mwisho kabisa katika miruko yote miwili. Alipendwa kwa kushindwa kwake, na baadaye alitengenezewa hata filamu. Nalitaja jambo hili kwa sababu linanisumbua. Mwaka ule ule, katika Olimpiki ya kiangazi, kijana wetu alikuwa wa kwanza, na leo ukimtaja huko Ulaya ni wachache watakaomkumbuka.

Michezo hiyo ilifanywa Seoul, Korea Kusini, tangu Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Kenya ilikuwa na hamu kubwa, maana ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na iliporudi mwaka 1984 ilipata dhahabu moja tu, ya Julius Korir katika mbio za kuruka viunzi na maji. Katika ndondi mwaka huo Ibrahim Bilali aliambulia shaba. Kabla yao Philip Waruinge alikuwa na shaba ya 1968 na fedha ya 1972. Dhahabu ya ndondi haikuwa imepata kumfikia Mwafrika mweusi hata mmoja. Waliowahi kuipata kutoka bara hili walikuwa wazungu wa Afrika Kusini.

Ndondi za Seoul zilijaa lawama. Ilivyopata kuonekana wazi, Mmarekani Roy Jones alimchapa Mkorea Park Si-hun kwa raundi tatu nzima, kisha majaji wakampa ushindi mwenyeji. Basi mgeni aliyetaka dhahabu hapo alipaswa kutowaachia majaji kazi. Ndivyo alivyofanya Wangila. Katika nusu fainali Mpolandi Jan Dydak hakuweza kupanda ulingoni kwa sababu ya kuumia, na Wangila akapita bila jasho. Fainalini alimkuta Mfaransa Laurent Boudouani, kijana mrefu, fundi, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa. Raundi ya kwanza ilipita. Katika ya pili Wangila alimwangusha, na pambano likaisha hapo. Hakuna jaji aliyeulizwa neno.

Kenya ilirudi nyumbani na dhahabu tano. Nne zilikuwa za wakimbiaji: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilikuwa ya Wangila, na Chris Sande akaongeza shaba ya ndondi.

Kisha ikaja habari ya riziki. Bondia wa ridhaa hupata medali, hapati mshahara, na sifa hazilipi kodi ya nyumba. Mwaka 1989 Wangila aliingia ndondi za kulipwa, akahamia Marekani, akakaa Las Vegas, mji unaoishi kwa kamari na mapambano. Wengi nyumbani walitarajia kusikia upesi kwamba amekuwa bingwa wa dunia. Haikuwa hivyo. Alishinda mapambano mengi, mengi yake kwa kuangusha, lakini alishindwa pia, na kila alipoposhindwa njia ya kwenda kwenye mkanda ilizidi kurefuka. Ndondi za kulipwa zina raundi kumi na kumi na mbili, si tatu. Mtindo wa kwenda mbele na kupokea ngumi ili upate nafasi ya kupiga yako una gharama katika safari ndefu namna hiyo.

Tarehe 22 Julai 1994 alipigana Las Vegas na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa refa Joe Cortez aliona kwamba Wangila anapigwa mno, akalisimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alilalamika pale pale ulingoni kwamba alikuwa bado na nguvu za kuendelea, na miguu yake kweli ilikuwa imesimama. Akarudi chumba cha kubadilishia nguo. Humo ndimo alimozirai, damu ikiwa imevuja ndani ya kichwa, akapelekwa hospitali bila fahamu. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, umri wake miaka 26, miezi miwili kasoro kabla ya kutimiza 27.

Watu walibishana sana juu ya refa: wengine walisema alichelewa, wengine kwamba alifanya la haki. Mimi naona refa aliyesimamisha mchezo huku bondia akiwa bado amesimama na anateta hawezi kulaumiwa kwa urahisi. Madhara yalikuwa yamekwisha ingia, na huenda baadhi yake hayakuwa ya usiku ule peke yake.

Tangu Seoul mabondia wa Kenya wamekwenda Olimpiki mara nyingi. Hakuna aliyerudi na dhahabu, wala fedha, wala shaba.