Binti Aliyejifunza Kuandika kwa Siri

Nilikuwa na miaka 12 nilipoandika barua iliyomliza mtu. Ilikuwa Beni, mwaka 2013. Baba na mdogo wake aliyekaa Butembo waligombania shamba la kakao waliloachiwa na babu. Baba hakusoma sana, nami nilikuwa wa kwanza darasani. Akanikalisha mezani, yeye akasema, mimi nikaandika. Nilijiona mtu mkubwa. Maneno yake makali niliyanoa zaidi, nikaongeza na methali. Barua ikapelekwa na dereva. Wiki haikuisha, mtoto wa baba mdogo, ambaye alikaa kwetu na tuliketi benchi moja shuleni, aliitwa arudi kwao Butembo. Hatukuagana.

Nililikumbuka jambo hilo mwaka huu niliposoma maisha ya Salme binti Said, anayejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Watu humtaja kama binti wa sultani aliyetoroka na Mjerumani. Mimi kilichonishika ni utoto wake.

Salme alizaliwa Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkezi, suria aliyeporwa kwao akiwa bado mtoto. Watoto wa Sayyid Said walikuwa wengi, kila kundi na mama yake, na mapenzi ya ndugu yalifuata nyumba waliyolelewa. Salme alipofika miaka saba, yeye na mama yake walihamia mjini kukaa na kaka yake Majid. Majid alimpenda mdogo wake huyo, na katika nyumba yake Salme alijifunza kupanda farasi na kutumia silaha kama wavulana.

Kusoma, watoto wote wa jumbani walifundishwa, wa kike kwa wa kiume, wakiwa wameketi mkekani mbele ya msahafu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana tu. Mwanamke mwenye neno la kumpelekea mtu wa mbali alilazimika kumwambia mwingine amwandikie, na hivyo siri yake ikawa ya watu wawili. Salme hakulikubali hilo. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, kalamu ya tete na wino, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri hadi mkono ukazoea. Mambo yalipojulikana alisemwa sana, lakini hakuacha.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Omani. Aliacha watoto 36 walio hai. Majid akashika utawala wa Zanzibar, na ndugu yake Barghash hakuridhika. Salme alitangazwa kuwa mtu mzima akiwa na miaka 12, akapewa urithi wake. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kilimchukua mama yake. Hapo alibaki na dada yake Khole, aliyempenda kuliko ndugu wengine wote.

Khole alikuwa upande wa Barghash. Salme alikuwa na deni la mapenzi kwa Majid, lakini hakuweza kumkatalia dada aliyekuwa naye kila siku. Akaingia katika njama ya kumpindua Majid. Kazi aliyopewa ilitokana na ule mfupa wa ngamia: kwa kuwa alijua kuandika, aliandika barua za siri kwa wakubwa waliotakiwa kujiunga, na za kuagiza silaha. Alikuwa na miaka 15, mdogo kuliko karibu wote waliomtegemea.

Oktoba 1859 askari waliizunguka nyumba ya Barghash. Usiku mmoja Salme na Khole walikwenda na kundi la wanawake, wakaomba kumwona kaka yao, wakatoka naye amejifunika mavazi ya kike. Barghash alikimbilia shamba lililoitwa Marseille, na wafuasi wake wakapigana huko. Waingereza walimsaidia Majid, na njama ikavunjika. Watu walikufa, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakuwaadhibu dada zake. Salme mwenyewe alihamia shamba, mbali na macho ya mji.

Baadaye alipatana na Majid. Lakini kwa Khole na Barghash, kupatana huko kulikuwa usaliti, na mlango wao ukafungwa. Akiwa katikati ya nyumba mbili, alirudi mjini, akafahamiana na jirani yake, mfanyabiashara Heinrich Ruete wa Hamburg. Alishika mimba. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa huko. Mume alikufa 1870 katika ajali ya tramu, akamwacha Hamburg na watoto watatu wadogo.

Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na Barghash akawa sultani. Salme alirudi Zanzibar mwaka 1885, lakini Barghash, yule aliyetolewa nyumbani kwa ujasiri wa dada zake, alikataa kumpokea. Khole alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, na humo alikiri jinsi alivyojuta kuingia katika ugomvi ule. Alifariki Jena mwaka 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Zanzibar.

Sisi wa Kongo hatuwezi kumsoma bila kukunja uso. Majumba yale yalitegemea jasho la watumwa, na misafara ya Zanzibar iliyoingiza Kiswahili huku kwetu ilitoka na pembe na watu. Katika kitabu chake Salme aliutetea utumwa wa Waarabu. Aliyejua uchungu wa mwanamke asiyeweza kuandika barua yake hakuuona wa watumishi waliomzunguka. Hilo halimfutii majonzi yake, wala majonzi yake hayafuti hilo.

Ninarudi kwetu. Oktoba 2014 mauaji yalianza katika eneo la Beni. Tuliacha nyumba na lile shamba la kakao tukaja Butembo, mwendo wa kilomita hamsini na kitu. Hatukuwa na pa kwenda isipokuwa kwa baba mdogo. Alitungoja barabarani na chukudu ya kubebea mizigo. Mtoto wake alinipisha nusu ya godoro lake. Hakuna aliyeitaja barua. Siku moja tu mama mdogo aliniambia kwamba mumewe alipoisoma alilia, kwa sababu aliutambua mwandiko wangu.

Nilimwandikia nyingine, safari hii kwa jina langu, nikaomba radhi. Aliisoma, akaikunja, akanituma nikalete maji. Jioni tulikula pamoja kama kawaida. Salme hakupata jioni ya namna hiyo na Barghash, wala na Khole.

Ndugu zangu wa kitivo, nyumbani sisi ndio tunaoitwa kuandika: barua ya mahari, mashtaka ya shamba, ujumbe kwa mjomba asiyepokea simu. Wazee hutoa hasira, sisi tunaipa sarufi. Tangu nisome maisha ya binti huyu, ninapoitwa hivyo huwauliza kwanza kama wanataka iende leo, au isubiri hadi kesho. Mara mbili mwaka huu wamesema isubiri, na mara zote mbili haikuandikwa.