Muhammed Said Abdulla (1918–1991)

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alimaliza shule mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya. Baada ya miaka kama kumi aliacha kazi hiyo, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mhariri husoma kazi ya mwenzake kwa kalamu mkononi: hukata, huhamisha, hurudisha iandikwe upya. Hiyo ndiyo ilikuwa karakana yake ya utunzi.

Katika mashindano ya kuandika hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, kazi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza. Ilichapwa mwaka 1960. (Mtahiniwa, hii ni riwaya, usiiite hadithi fupi kwenye mtihani.) Mhusika mkuu, Bwana Msa mwenye kiko, ana undugu na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Maiti inapoonekana kwenye mzimu, yeye hatafuti jibu kwa mizimu bali kwa akili.

Hadithi ya upelelezi haiandikwi mara moja ikaisha. Mwandishi akishaamua mkosaji ni nani, hurudi mwanzo kupanda dalili, tena kwa siri, msomaji aipite bila kushtuka. Tuchukue mfano wa huku kwetu Same. Huko milimani Upare, ndiva, yaani bwawa la kijadi la kumwagilia mashamba, imefunguliwa usiku na maji ya zamu ya watu yamekwisha. Kama mwishoni mkosaji atajulikana kwa tope la kwenye jembe lake, jembe hilo lazima lionekane aya ya kwanza, limeegemezwa ukutani kama jembe lolote. Watahiniwa wengi hulitaja mwishoni tu, na hapo ndipo alama zinapopotea.

Mwaka 1958 Abdulla alikwenda kuhariri jarida la Mkulima, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1968. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka huohuo. Kisha zikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Alipopata ushindi ule alikuwa karibu na miaka 40. Vitabu vyake vingi alivitoa akiwa amekwisha vuka 50.