Mume Aliyezikwa Kilimambogo

Msafiri atokaye Ruiru kwenda Thika, akitazama upande wa mashariki siku isiyo na mawingu, hukiona Kilimambogo, mlima wa mita 2,145 uliosimama peke yake uwandani. Ubavuni mwa mlima huo amelala William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872, mwana wa tajiri, ambaye wanafunzi wengi hulijua jina lake kwa sababu ya maktaba ya Nairobi wala hawajui lolote jingine juu yake.

Mimi ni mwalimu, na nimeona kuwa tukimtaja McMillan darasani tunamtaja kama mwindaji au kama mlowezi, kisha tunafunga daftari. Ni kweli alikuwa yote mawili. Alifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akajipatia eneo kubwa mno la ardhi huko Juja, kati ya Ruiru na Thika, na baadaye akaongeza lile la chini ya Kilimambogo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake Juja. Katika Vita Vikuu vya Kwanza McMillan alijiunga na jeshi la Waingereza, na mwaka 1918 akatunukiwa cheo cha Sir. Waliokuwa wakichunga ng'ombe katika nyanda hizo kabla yake hawakutunukiwa chochote, wala sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Lakini kuna upande ambao hatuufundishi, nao ni wa nyumbani kwake. McMillan alimwoa Lucie Webber mwaka 1894, na bibi huyo akauacha ulimwengu wa starehe aliouzoea, akamfuata mumewe hadi huku. Nyumba yao ya Chiromo, mahali ambapo leo pana bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi, waliitoa wakati wa vita iwe mahali pa maafisa kupata nafuu. Wakaishi pamoja zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1925 McMillan alifariki akiwa mbali na Kenya. Alikuwa ametaka azikwe kileleni mwa Kilimambogo, na mwili wake ukarejeshwa ili azma hiyo itimizwe. Yasimuliwa kuwa mwinuko uliishinda mitambo iliyolivuta jeneza, kwani marehemu alikuwa mtu wa mwili mkubwa ajabu, wakalazimika kumzika njiani, mahali palipo tambarare kidogo. Watalii hucheka wakisikia kisa hicho. Mimi humfikiria mjane aliyesimama pale, akiuona wasia wa mumewe ukiishia katikati ya mlima.

Lucie hakuolewa tena. Badala yake aliamua kumjengea mumewe ukumbusho wa vitabu, na mwaka 1931 Maktaba ya McMillan ikafunguliwa jijini, karibu na Msikiti wa Jamia, simba wawili wa mawe wakilinda ngazi zake. Ni nadra kuona huzuni ya mke ikizaa jambo la manufaa kiasi hicho, nami nakiri kuwa nimesomea humo kwa saa nyingi. Hata hivyo, vitabu hivyo havikuwa vya kila mtu. Waafrika, wakiwemo wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya Juja na Thika, hawakuruhusiwa kusoma humo. Upendo wa Lucie kwa mumewe ulikuwa mkubwa, lakini ulikoma kwenye mpaka wa rangi.

Alifariki mwaka 1957, akazikwa kando ya mumewe mlimani. Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua usimamizi wa maktaba hiyo mwaka 1962, ndipo msomaji Mwafrika akapita kati ya simba wale akiwa mwenye haki ya kuketi na kusoma.