Denis Burkitt: Mpasuaji Aliyeweka Kisu Chini

Kutoka mashamba ya miwa ya Muhoroni, macho hukutana na milima ya Nandi iliyoinuka upande wa kaskazini. Si mbali. Hata hivyo, ipo saratani ya watoto ambayo nchi hizi za chini za ziwa huijua sana, ilhali kule juu penye baridi ni nadra. Aliyeufichua mpaka huo ni Denis Parsons Burkitt.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, tarehe 28 Februari 1911. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto, lakini akawa mpasuaji. Baada ya kuhudumu jeshini nchini Kenya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alianza kazi Uganda mwaka 1946, kwanza Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake, alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye akamkuta mwingine Jinja. Kisu hakikusaidia, kwani uvimbe ulikuwa umeenea mwilini. Si wapasuaji wengi wanaokubali kwamba ufundi wao umefika kikomo. Burkitt alikubali, akaanza kuuliza ugonjwa huu unakaa wapi. Mwaka 1961, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, alisafiri kwa gari kuukuu kiasi cha maili 10,000 hadi Afrika Kusini, akipita hospitali baada ya hospitali. Jibu likawa: penye joto, mvua na malaria.

Katika matibabu aligeukia dawa. Watoto wengine walipata dozi ndogo tu, lakini uvimbe ukayeyuka usirudi tena. Aliona kwamba dozi hizo peke yake hazingeweza kufanya hayo. Burkitt akashawishika kwamba kinga ya mwili wa mtoto ndiyo iliyoimalizia dawa kazi yake, na mwaka 1967 akaichapisha hoja hiyo.

Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr walitangaza virusi walivyovigundua London katika seli za uvimbe aliowapelekea kutoka Kampala. Burkitt alifariki tarehe 23 Machi 1993. Miaka 12 baadaye, utafiti uliolinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi ulionyesha kwamba wadogo wa Kisumu, wanaoandamwa na malaria, walikuwa na virusi hivyo kwa wingi zaidi damuni.